Asiyekubali Kushindwa si Mshindani: Wanariadha na Mtoto wa Mwisho Darasani

Walimu wa shule za msingi hupenda kuwasimulia watoto habari za mashujaa wa michezo. Jambo hili ni jema. Mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kueleza maana ya neno "ustahimilivu" hulielewa mara moja akisimuliwa habari za mtu aliyeanguka akasimama tena. Lakini aghalabu habari hizo husimuliwa nusu, na funzo linalotolewa huishia katika neno moja tu: vumilia. Aliyepata alama tatu katika ishirini huambiwa avumilie. Aliyekuwa wa mwisho katika mtihani wa muhula huambiwa avumilie. Aliyetembea kilomita nyingi hadi shuleni bila kutia kitu tumboni naye huambiwa avumilie. Kusudi la makala haya ni kudai kwamba neno hilo, likiachwa peke yake, si funzo, na kwamba wanariadha wenyewe tukiwatazama kwa makini hawakutufundisha hivyo.

Mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha huenda akajiuliza: haya yanahusianaje na mbinu za kufundisha? Yanahusiana sana. Hakuna siku inayopita darasani bila mtoto fulani kushindwa jambo. Namna mwalimu anavyopokea kushindwa huko ni sehemu ya ufundishaji wake, sawa na ubao, chaki na andalio la somo. Tofauti ni kwamba andalio la somo huandikwa na kukaguliwa, ilhali neno analolitamka mwalimu akimrudishia mtoto daftari haliandikwi popote isipokuwa moyoni mwa mtoto.

Akhwari: habari iliyokatwa katikati

Tuanze na habari inayojulikana na wengi. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alikuwa miongoni mwa wakimbiaji 75 walioanza mbio za marathoni. Mji ule umejengwa mahali pa juu, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi iliwataabisha wengi. Akhwari alikazwa na misuli. Kisha, katika kugombea nafasi, akaanguka. Goti liliumia na kuteguka, na bega likajigonga barabarani kwa nguvu. Alifungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa muda wa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, jua limekwisha tua, watazamaji wengi wamekwisha ondoka. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio, bali ilimtuma azimalize.

Hapo ndipo walimu wengi hukomea. Watoto hupiga makofi, na mwalimu husema, "Mmeona? Msikate tamaa." Lakini kuna mambo mawili ambayo habari hii ikikatwa hapo huyapoteza.

La kwanza ni hesabu yenyewe. Waliomaliza mbio zile walikuwa 57, naye Akhwari alikuwa wa 57. Wakimbiaji 18 hawakumaliza. Kwa hiyo neno "wa mwisho" halielezi ukweli wote. Huficha wale walioacha njiani, na huficha sababu ya kuchelewa. Ndivyo lilivyo neno hilo darasani pia. Mtoto wa mwisho kati ya hamsini huenda ni yule ambaye bado anakuja shuleni, wakati wenzake wenye matatizo kama yake wamekwisha acha. Mwalimu anayesoma majina mstarini kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho hamwambii mtoto huyo lolote la kumsaidia. Humwambia tu mahali aliposimama, jambo ambalo mtoto amekwisha kulijua.

La pili ni yale yaliyofuata. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa tano. Yaani miaka miwili baada ya kuingia uwanjani akichechemea, alikimbia kwa muda uliopungua kwa zaidi ya dakika 70 kuliko ule wa Mexico, tena kwa muda mfupi kuliko aliotumia mshindi wa Mexico, ingawa haifai kulinganisha moja kwa moja mbio za mahali pa juu na za mahali pa chini. Habari hii husimuliwa mara chache sana. Lakini kwa mtoto wa shule ndiyo iliyo muhimu zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba nafasi ya mwisho ilikuwa jambo la siku moja, lenye sababu zake. Haikuwa jina la mtu. Goti lilipopona, mkimbiaji alikuwa yule yule mkimbiaji hodari.

Mwanachuo na ajiulize: katika darasa langu, ni nani ninayemwita mzito wa kuelewa, ambaye kwa kweli ana goti lililoteguka?

Bayi: hasara isiyo kosa la mtu

Si kila kushindwa hutokana na aliyeshindwa. Mfano ulio wazi ni wa Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake alikuwako John Walker wa New Zealand, na wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Mwezi Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi aliweka pia rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51. Miezi michache tu baadaye Walker aliivunja rekodi hiyo ya maili. Dunia nzima ya riadha ikawa inangoja wawili hao wakutane Montreal, katika Olimpiki ya mwaka 1976.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haikuiondoa New Zealand katika michezo. Zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zilisusia, Tanzania ikiwa miongoni mwake. Walker alishinda mita 1,500. Hakuna ajuaye kama Bayi angemshinda. Yasemekana pia kwamba malaria ilikuwa imemsumbua mwaka ule. Lililo hakika ni kwamba nafasi ile haikurudi tena. Miaka minne baadaye, mwaka 1980 mjini Moscow, Bayi aliingia katika mbio za aina nyingine, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa mbali, akapitwa katika mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland, akapata medali ya fedha. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5,000. Medali hizo mbili zilikuwa za kwanza za Tanzania katika Olimpiki. Baadaye Bayi alianzisha shule zinazoitwa kwa jina lake.

Kususia kule kulikuwa na haki yake. Heshima ya Mwafrika ilikuwa na uzito kuliko medali, na mtoto wa leo anapaswa kufundishwa hivyo. Hata hivyo, haki ya taifa haifuti hasara ya mtu. Kijana aliyekuwa katika kilele cha nguvu zake alitoa kitu ambacho hakikurudishwa. Mwalimu anayesimulia habari hii asiharakishe kusema kwamba yote yaliishia kwa heri. Aseme kwanza kwamba ilikuwa hasara. Kisha aseme kwamba hasara hiyo haikuwa kosa la Bayi.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu darasani tuna watoto wengi wanaolipia mambo ambayo hawakuyatenda. Msichana anayebaki nyumbani wiki mbili kumlea mdogo wake mgonjwa, akirudi hukuta somo la sehemu limekwisha pita. Mvulana anayechunga ng'ombe hadi jioni hulala kabla ya kufungua daftari. Hawa tukiwaambia "ongezeni bidii," tunawaambia kwamba tatizo ni wao. Lililo sahihi ni kutenga mambo mawili: lile ambalo mtoto anaweza kulibadili, na lile ambalo hawezi. La kwanza tumdai. La pili tulibebe sisi walimu pamoja na wazazi, kadiri ya uwezo wetu, kwa kumrudia somo, kwa kumtembelea mzazi, au walau kwa kumwambia mtoto wazi: "Hili si kosa lako, na tutalitafutia njia."

Ikangaa: sekunde moja

Sasa tuje katika kushindwa kwa aina ya tatu, yaani kule ambako mtu amejitayarisha, amejitahidi, hakuzuiwa na mtu wala ajali, lakini bado ameshindwa. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 1988, Juma Ikangaa wa Tanzania alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Kilomita 42 na mita 195, na tofauti ni sekunde moja! Mwaka 1989 alirudi Boston, akawa wa pili tena. Mwezi Novemba mwaka huo huo alikwenda New York, akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda ambao ulikuwa rekodi ya mbio hizo. Mwaka 1990 akarudi Boston kwa mara nyingine. Akawa wa pili kwa mara ya tatu.

Msimuliaji mwenye kupenda mwisho mtamu angependa kumalizia New York. Lakini ukweli una faida zaidi: Ikangaa hakushinda Boston kamwe. Alishindwa mara tatu mahali pamoja, na katikati yake akashinda mahali pengine. Maendeleo ya kweli ndivyo yalivyo, hata katika kujifunza kusoma. Mtoto huzijua silabi leo, kesho akazisahau, keshokutwa akasoma sentensi nzima, wiki ijayo akakwama kwenye neno "ng'ombe". Mwalimu anayetazamia ngazi isiyorudi nyuma atamkasirikia mtoto bure.

Kuna funzo jingine. Mkimbiaji aliyeshindwa kwa sekunde moja hawezi kusaidiwa na kocha anayemwambia tu, "Umeshindwa." Anahitaji kuulizwa sekunde hiyo ilipotea wapi: katika mlima, katika kona, au katika mita mia za mwisho? Kocha hugawa mbio vipande vipande, akatafuta kipande kilicholegea. Sisi walimu tuna daftari la mtoto ambalo linatueleza mambo haya haya, lakini mara nyingi tunalijibu kwa mkasi mwekundu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtoto wa darasa la pili amepewa 52 kutoa 27, akaandika 35. Mwingine ameandika 24. Wote wawili wamepata mkasi. Lakini makosa yao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza, katika nafasi ya mamoja, ameona 2 na 7, akatoa ndogo katika kubwa, akapata 5. Katika makumi akatoa 2 katika 5, akapata 3. Huyu hajui kukopa, na atakosa kila hesabu ya aina hiyo hata akifanya mia moja. Wa pili anajua kukopa. Ameteleza tu katika kuhesabu 12 kutoa 7. Wa kwanza anahitaji kurudishwa kwenye vijiti, afungue fungu moja la kumi mbele ya macho yake. Wa pili anahitaji mazoezi machache ya kutoa kwa haraka. Kuwaambia wote wawili "vumilieni" ni kumwambia mkimbiaji akimbie zaidi katika njia isiyo yake.

Kumaliza na kuacha

Yafaa pia tuwe waangalifu na habari za wanaoshinda maumivu. Kipchoge Keino wa Kenya, katika Olimpiki ile ile ya 1968, aliugua mfuko wa nyongo, akaanguka katika mbio za mita 10,000, na bado akapata fedha ya mita 5,000 na dhahabu ya mita 1,500. Ni ushujaa mkubwa. Lakini tunazijua habari zake kwa kuwa alipona. Waliojilazimisha wakaumia zaidi hawasimuliwi.

Kwa hiyo mbele ya watoto tuweke pia mfano wa Eliud Kipchoge. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Hakung'ang'ania mbio za uwanjani. Mwaka uliofuata aliingia katika marathoni, na huko akapata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Kisha mwaka 2024, mjini Paris, maumivu ya mgongo yalimfanya aache mbio kabla ya kumaliza. Akhwari alimaliza, Kipchoge aliacha. Hakuna kati yao aliyevunjiwa heshima. Mmoja anatufundisha kwamba kumaliza kuna thamani hata bila medali. Mwingine anatufundisha kwamba kubadili njia si woga, na kwamba mwili unaolalamika husikilizwa. Mtoto mwenye homa anayelazimishwa kukimbia mchakamchaka wa asubuhi hafunzwi ujasiri. Anafunzwa kuficha ugonjwa.

Kazi ya mwalimu

Wako watakaopinga. Watasema: darasa lina watoto themanini, mwalimu atapata wapi muda wa kutafuta sekunde ya kila mmoja? Pingamizi hili ni zito, nami silidharau. Lakini jibu lake liko katika kupanga makosa badala ya kupanga watoto. Katika hesabu kumi za kutoa, watoto themanini hawana aina themanini za makosa; mara nyingi wana aina tatu au nne. Mwalimu akisahihisha aweke alama ndogo kwa kila aina, kisha asubuhi awakalishe pamoja wenye kosa moja. Kazi ya kusahihisha ni ile ile. Kilichobadilika ni swali analojiuliza mwalimu: badala ya "nani amekosa?" anauliza "wamekosa nini?"

Wengine watasema kwamba mtoto akizoea kusamehewa kushindwa hatajitahidi. Hapa methali yetu inatosha: asiyekubali kushindwa si mshindani. Wahenga hawakusema aridhike, walisema akubali. Kukubali ni kutazama jambo kama lilivyo ili ujue la kufanya. Mtoto anayeficha daftari lake, anayenakili kwa jirani, au anayechana karatasi ya mtihani asiipeleke nyumbani, huyo hajakubali. Na aghalabu hajakubali kwa sababu sisi tumefanya kukubali kuwe na gharama kubwa mno: kicheko cha darasa, jina la aibu, au fimbo. Tukishusha gharama hiyo hatujashusha kiwango cha kazi. Hesabu ya 52 kutoa 27 itabaki kuwa 25, na mtoto atairudia hadi aipate.

Basi, ndugu mwanachuo, utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, jaribu jambo moja. Simulia habari ya Akhwari, lakini usikomee Mexico. Fika hadi Edinburgh. Waulize watoto swali lililo rahisi: kati ya mwaka 1968 na mwaka 1970, mnadhani alifanya nini? Waache waseme wenyewe. Atatokea wa kusema alitibiwa, mwingine alipumzika, mwingine alifanya mazoezi, mwingine alisaidiwa na wenzake. Yaandike majibu hayo ubaoni. Kisha warudishie madaftari, na kila mmoja achague kosa lake moja, aandike chini yake atakalolifanya kabla ya Ijumaa.

Ijumaa ikifika, uyakusanye madaftari hayo uyasome yote. Ahadi ya mtoto ambayo mwalimu hakuifuatilia humfundisha kwamba maneno ya darasani hayana uzito, na funzo hilo ni gumu kulifuta kuliko kosa lolote la kutoa.